Tope Nyuma ya Gurudumu

Mama yangu,

Sisi wazima, hata paka kanenepa. Tangu uondoke kwa hasira, baba hasemi kitu, ila amenunua matairi ya matope yenye meno makubwa, maana njia ya huko uliko, kwa bibi, haipitiki. Tatizo, usukani ulikuwa ukitetemeka. Fundi akaongeza vyuma vya balansi vya kusawazisha magurudumu, wapi! Baba akasema, "Basi, safari hakuna."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya gari ili fundi asinisemeshe. Ndipo nikaliona tope limekauka ndani ya rimu. Nikasema, kwa sauti kabisa, kwamba ndilo linalotetemesha usukani!

"Kumbe bubu anaongea!" fundi akacheka.

Akalibandua lile tope, na sasa gari limetulia. Fundi anasema matairi yatahimili kwenda na kurudi. Kama tutarudi wawili au watatu, mwambie baba wewe mwenyewe. Mimi nimeshaongea vya kutosha.

Bubu wako