Nyumba Isiyo na Mtu

Kwako kaka mkubwa,

Salamu nakupa, kwa sababu Mama alitulea hivyo: hata kwa mtu uliyemnunia huingii bila hodi. Natumaini u mzima, wifi mzima, watoto wazima, na gari limetoka gereji. Mimi mzima pia. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua asubuhi, jambo ambalo ungelijua kama simu yako ingekuwa inapiga na si kupokea tu. Salamu zangu zinaishia hapo. Zilizobaki utazikuta mwisho, na si zangu.

Unakumbuka nilipopata hii kazi. Nilikupigia wewe wa kwanza, mjinga mimi, nikakuambia nimeajiriwa ofisi ya kuandika na kwamba mwenye ofisi anataka nijue vivumishi vya Kiingereza, tena si kimoja kimoja, bali kila kimoja na visawe vyake. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema mimi mwenye Kiingereza cha kuombea maji, ambaye tangu shule kila kitu kwangu ni "nice", chakula "nice", mwalimu "nice", mpaka msiba "nice", leo nakwenda kumwandikia nani. Nilipoanza kukueleza, ukasema kuna mtu anakungoja. Hukuuliza tena mpaka leo. Ungeuliza, kaka, usingeipokea barua hii.

Basi nakueleza bila kuulizwa. Tunaandika matangazo ya nyumba zinazouzwa. Madalali wanatuletea maelezo mafupi na picha, sisi tunayapamba kwa Kiingereza, yanawekwa mtandaoni kwa wanunuzi wa mbali. Mwenye ofisi ni mama mkali tunayemwita Mkasi, kwa jinsi anavyokata maneno ya watu. Kwake neno la sifa halitokei mara mbili kwenye tangazo moja, na neno baya halitokei kabisa. Hakuna nyumba "small" pale kwetu. Zipo "compact" na "cosy". Hakuna nyumba "old". Zipo "classic" na "charming". Iliyopakana na baa haiwi "noisy", inakuwa "lively". Kila kibanda tunakivisha kilemba cha ukoka, na mwisho wa mwezi tunalipwa.

Kujifunza kulinitoa jasho. Nilibandika maneno kwenye jokofu, kwenye kioo, kwenye mlango wa choo. Nilikuwa naosha vyombo huku nasema "spacious, roomy, airy", mpaka jirani akaniuliza kama nimebadili dini. Mwanzoni nilidhani visawe ni vitu sawa, unachomoa hiki unachomeka kile. Nikaandika kwamba nyumba fulani ina jiko "fat", maana kamusi iliniambia nalo ni neno la ukubwa. Mteja alipiga simu kuuliza hilo jiko linalishwa nini. Mkasi alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema visawe ni kama watoto wa tumbo moja: sura wanafanana, tabia kila mmoja na yake, na asiyezijua tabia zao asiwatume kazi. Niliona haya, lakini maneno yale yalinikaa. Siku hizi yananikaa zaidi, na unajua kwa nini.

Sasa sikiliza tunavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo uliponaswa. Mkasi hataki tuone picha kwanza. Anasema ukishaiona nyumba, macho yanakuletea ukweli na mkono unakuwa mzito. Kwa hiyo tunaandika kutoka kwenye maelezo ya dalali, halafu ndipo tunafunguliwa picha kuhakikisha hatujasema ghorofa pasipo na ghorofa. Wiki iliyopita nilipewa maelezo ya nyumba moja. Dalali alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake: ndogo, ya zamani, mtaa mtulivu, haina mtu, mwenyewe yuko tayari kuuza. Nikafanya kazi yangu. "Small" nikaigeuza "cosy". "Old" ikawa "charming". "Quiet" ikawa "peaceful". Ilipofika "empty" nilifikiri kidogo, maana "empty" inasikitisha, nikaweka "vacant", neno safi, la kiofisi, lisilo na huzuni. Nilijipongeza, kaka. Mkasi alisoma na kwa mara ya kwanza hakukata kitu.

Halafu nikafunguliwa picha. Ya kwanza ilikuwa mlango, nikasema mbona nimeuzoea. Ya pili ilikuwa jiko, na ukutani ile rafu aliyoipigilia Baba upande mmoja juu mwingine chini, na kile kipande cha boksi anachokiweka Mama ili sahani zisiteleze. Ya tatu ilikuwa chumba cha kulala. Kitanda kimetanduliwa, mkeka haupo, dawa za Mama hazipo kwenye stuli. Aliyesafisha alisafisha vizuri, lakini nyuma ya mlango alisahau sweta. Ni ile ya kijani niliyomnunulia mimi kwa mshahara wangu wa kwanza. Nilikaa pale nikaitazama, na juu yake kwenye kioo cha kompyuta lipo neno langu mwenyewe, "vacant".

Baba alikuandika wewe kwenye hati kwa sababu ulikuwa mkubwa na ulijua karatasi za serikali. Alisema mbele yetu sote kwamba nyumba ni ya Mama mpaka mwisho wake, jina lako ni la kulinda tu. Ukalilinda hivi. Nilimpigia wifi, nikijidai nauliza habari za watoto, nikadokeza kama wameshamwandalia Mama chumba. Akashangaa, akasema chumba gani. Kwa hiyo hata mkeo hajui ulipanga kumpeleka wapi huyo mama, na nadhani wewe mwenyewe hujui. Nimekuchukia, kaka. Nimetafuta kisawe chake nimekosa.

Nilimwendea Mkasi nikamwambia kwamba ile nyumba ina mtu na mtu mwenyewe ni mama yangu. Nilitegemea anifukuze. Alifuta tangazo lote mbele yangu, akasema yeye anapamba, hadanganyi, na kwamba "vacant" maana yake hakuna mtu, haina tabia nyingine. Lakini nakujua. Utatafuta ofisi nyingine, dalali mwingine. Ndiyo maana nimehama. Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya jikoni, chini ya ile rafu. Nguo zangu ziko kwenye chumba kilichokuwa chako, na kitasa nimebadilisha.

Dalali wako alikuja Jumamosi na mume na mke wanaotafuta nyumba. Wageni wale hawajui Kiswahili. Niliwafungulia, nikawakaribisha kwa adabu, nikawaambia kwa Kiingereza cha kuombea maji kwamba nyumba ni "occupied", yaani ina mtu. Yule mwanamke alidhani hajasikia, nikamwambia "inhabited". Nikamwongezea na "lived-in", nikamwonyesha Mama kwenye kiti chake anachambua mchele. Mama akawapungia mkono. Yule mwanamke aliona aibu kuliko wewe utakavyoona maisha yako yote, akamvuta mumewe wakaondoka. Mama aliniuliza ni akina nani, nikamwambia wamepotea njia.

Na hapa, kaka, lipo jambo nililolibakiza. Mama hajui kitu. Hajui habari ya picha wala dalali. Anachojua ni kwamba siku moja mwanawe mkubwa alikuja na gari asubuhi bila taarifa, akasema leo nakutoa. Ukampeleka kupimwa macho. Ukampeleka bustanini, ukamkalisha kwenye benchi, ukamnunulia aiskrimu, mkakaa mpaka jua likapoa. Alirudi akakuta vitu vyake vimehamishwa hamishwa, ukamwambia ulileta mtu wa kumfanyia usafi, akakubariki. Tarehe ya siku hiyohiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye zile picha. Anaisimulia kila siku. Anamsimulia jirani, muuza maziwa, fundi wa bomba. Anasema alidhani umemsahau, kumbe moyo wako uko palepale. Anasema hajawahi kuwa na siku kama ile tangu Baba afariki.

Nimefungua mdomo nimwambie, zaidi ya mara moja, nikaufunga. Usidhani nakusitiri wewe. Siku yenyewe ni yake, nami sina neno la kuweka mahali pake.

Sasa zile salamu nilizokuahidi. Mama anakusalimu sana, wewe na wifi na wajukuu. Anasema goti lisikutie wasiwasi. Amefua ile sweta ya kijani, imekauka, imekunjwa kwenye kiti karibu na mlango, na ameniambia nikuandikie hivi hivi kama alivyosema: anauliza utamtoa tena lini, yeye yuko tayari siku yoyote.

Ni mimi mdogo wako,
niliyemo ndani.