Darasa Lenye Utulivu

Nyumba za Walimu,
Mlango wa tatu, nyuma ya shule.

Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji, pamoja na wanangu uliowazaa wewe. Natumaini baridi ya huko imepungua na lile goti lako limeacha ugomvi. Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Karani wa shule aliileta hadi mlangoni mwa darasa, nikajua ni yako kabla hata ya kuuona mwandiko, maana hakuna mtu mwingine anayepaka bahasha gundi yote ile. Nilitumia kisu kuifungua.

Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo na anakusalimu. Baba watoto yuko gereji kama kawaida, na kijana wangu mkubwa amerefuka mpaka suruali zinamkimbia. Mvua ziligoma, halafu zikaja zote kwa wiki moja, sasa paa la jikoni linavuja mahali papya.

Sasa nije kwenye hoja yako. Umenionya kwamba safari hii nikikuandikia kuwa habari za kazi ni nzuri utanirudishia barua yangu. Unataka orodha ya yale yanayotusumbua walimu wa watoto wadogo ili uone utatutumia nini. Haya, kaa chini na goti lako. Orodha sina, nina kisa kimoja tu, na aibu yake ni yangu mwenyewe.

Unakumbuka nilikwambia mwenzangu wa mkondo wa pili alihama kumfuata mumewe. Hakuletwa mwingine. Tulisubiri muhula mzima, kisha fundi seremala akaja akaung'oa ukuta wa mbao uliokuwa kati ya vyumba vyetu, madarasa mawili yakawa moja. Mbao zilitengenezewa madawati, kwa hiyo angalau kuna aliyefaidika. Mimi nikabaki na watoto mia moja na kumi na wawili wa darasa la pili, wanne wanne kwenye dawati, na chumba kirefu kiasi kwamba nikiwa ubaoni sura za nyuma sizioni vizuri.

Dada, kusoma hakufundishwi kwa chaki peke yake. Kunafundishwa kwa mdomo. Unasema ba, be, bi, bo, bu, wanaitikia, unarudia, mpaka yule wa mwisho kabisa aipate. Mwezi wa pili sauti ilianza kukwaruza, nikasema ni mafua. Mwezi wa tatu nikawa na sauti ya mwanamume, watoto wakacheka nami nikacheka nao. Mwezi wa nne nilifungua mdomo asubuhi moja ukatoka upepo mtupu.

Daktari wa koo ni mama mpole sana. Alinitia mdomoni kijiti chenye taa, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu. Niache kuongea miezi mitatu, hata kunong'ona nisinong'one, la sivyo sauti inaweza isirudi tena. Nilimwuliza nani atafundisha. Akashangaa, akaniuliza kwani shule nzima niko peke yangu. Nilicheka, akadhani nakohoa, akanipa maji.

Mwalimu mkuu wetu si mtu mbaya. Yeye mwenyewe anafundisha madarasa mawili, anatunza funguo za stoo, na chungu cha uji kikipasuka anaitwa yeye. Aliniambia hawezi kuniruhusu nipumzike bila mtu wa kushika darasa, akanishauri niandike barua ofisi ya elimu. Niliandika. Niliomba mambo mawili tu, mwalimu wa pili na likizo ya muhula mmoja. Walijibu kwamba mkaguzi atakuja kujionea hali halisi.

Hali halisi! Wewe uliukimbia ualimu baada ya miaka miwili, lakini najua hujasahau tunavyofanya mkaguzi akija. Hakuna aliyeniagiza, naapa. Mikono ilifanya yenyewe. Moyo tu ndio uliositasita, mwili ulikuwa kazini tangu asubuhi: nikabandika herufi za rangi ukutani, nikaazima madawati ya darasa la nne ili wakae watatu watatu, nikafagia hadi chini ya kabati ambako palikuwa na raba nne na kiatu. Watoto wanaosoma vizuri nikawaleta mbele, wasiojua nikawasukuma nyuma. Nikachagua somo ambalo tulikuwa tumelimaliza mwezi uliopita. Nikanyamaza siku tatu nzima nyumbani na shuleni, nikinywa maji ya moto na asali, ili siku hiyo nipate sauti ya dakika arobaini.

Nilipata ya dakika thelathini na tano. Ilinitosha. Na watoto, dada, ungewaona! Tangu sauti yangu iondoke wamezoea ishara. Nikiinua mkono wananyamaza wote, nikiushusha wanaandika, na wenyewe wakisemezana wananong'ona, kwa sababu wanadhani darasa la pili ndivyo linavyoongea. Mkaguzi alisimama mlangoni akastaajabu. Akasema amepita shule zenye watoto thelathini darasani na kelele zake zinasikika barabarani. Akanisifu mbele ya mwalimu mkuu, nami nikavikwa kilemba cha ukoka, nikatabasamu kama bibi harusi.

Akiwa anafunga kalamu yake akaniuliza, haya mwalimu, habari za kazi? Nikasema nzuri.

Hilo ndilo kosa langu. Sisi sote husema hivyo. Mtu akiuguliwa, nyumba ikiungua, habari huwa nzuri kwanza, halafu ndipo linakuja neno "ila". Nilikuwa najiandaa kusema ila. Nilivuta pumzi nilitafute kwenye lile koo, na kabla halijatoka mkaguzi amekwisha nipa mkono na yuko darasa la tatu.

Ripoti yake ilisomwa katika chumba cha walimu wiki mbili baadaye. Darasa lina utulivu wa kupigiwa mfano. Mwalimu anamudu idadi iliyopo. Uhitaji wa mwalimu wa pili haukuonekana. Wenzangu walipiga makofi, na mwalimu wa darasa la nne akanitania niwauzie dawa niliyowapa watoto wale. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya vyoo, nikalia bila kutoa sauti, maana hata ningetaka kutoa ningeitoa wapi. Ndiko kujikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe huko.

Mwalimu mkuu anasema ripoti ikishaingia kwenye faili haibishwi mpaka ukaguzi mwingine, na mwingine ni mwakani, kama gari lao litakuwa zima. Najua unawaza kunitumia kipaza sauti. Usihangaike. Mwalimu wa michezo aliniazima chake, tukakijaribu. Upepo mtupu ukikuzwa unakuwa upepo mkubwa, basi.

Lakini lililonivunja hasa ni la wiki hii. Nilipita nyuma kukagua madaftari. Kuna binti mmoja anakaa ukutani kabisa, mwandiko wake ni safi kuliko wangu. Nikamfunulia kitabu, nikamwonyesha neno "baba". Akanitazama. Nikamwonyesha "mama". Akanitazama tena, kwa adabu. Hajui hata moja. Mwaka huu wote amekuwa akichora herufi za ubaoni kama mtu anavyodarizi maua kwenye kitambaa. Niliinama nikamwuliza mbona hukuniambia. Akaninong'onezea, "Sikusikii, mwalimu."

Nikawajaribu wote wa nyuma, mmoja mmoja, siku mbili. Thelathini na mmoja hawasomi chochote. Na wote wametulia, dada. Yule bwana alikuwa akisifu watoto waliokwisha kata tamaa.

Nimerudi kwa daktari. Safari hii hakutaja miezi mitatu, alinishika mkono tu akaniandikia dawa ya maumivu. Nilitamani anigombeze. Jumatatu nitaingia darasani kama kawaida, nitawahamishia wa nyuma mbele, na wa mbele watakwenda nyuma wakaache kusikia wao. Sioni njia nyingine. Nimeitafuta, na ukiiona huko uliko niandikie, ingawa siamini kama utaiona.

Nisalimie shemeji na mwambie yale matani yake nayakosa. Wabusu wanangu wote watatu, hasa yule anayedai sisi tunalala watu wanne kitanda kimoja. Baba watoto na kijana wangu wanakusalimu, na mdogo wake amekuchorea picha, iko humu ndani. Hicho chenye miguu sita ni mbuzi wa jirani.

Kabla sijafunga bahasha, nina ombi moja, na ndilo pekee la kunitumia. Mama unamjua, usipopaza sauti hasikii. Mimi nikirudi jioni kilichobaki kooni hakimfiki. Kila asubuhi namwambia shikamoo, anaona midomo ikicheza, anageuka. Nilichukua kibao cha watoto nikataka kumwandikia, chaki iko mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba Mama hajui kusoma. Watoto walimweleza kuwa ninaumwa, akasema wanamtetea mama yao. Juzi alimwambia jirani, nami nimeketi palepale nachambua mchele, kwamba kitinda mimba wake amemnunia mwezi wa tatu sasa, na hajui amemkosea nini.

Mpigie simu Jumapili, dada. Mwambie kwa sauti yako yote kwamba sijanuna.

Mungu awatunze huko mliko, na akupe nguvu ya goti na ya kila kitu.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kitinda.