Daktari Aliyenisukuma

Mwenzangu, acha unachofanya unisikilize.

Nimetoka sasa hivi kwenye yale mafunzo ya madaktari na manesi. Wanafundishwa namna ya kutuhimiza sisi wenye ulemavu tufanye mazoezi. Mimi ndiye mgonjwa wao wa mfano, heshima iliyoje.

Nafika tu mlangoni, daktari mmoja kijana akanirukia. "Pole bibi, usijichoshe." Akashika kiti changu cha magurudumu akanisukuma mpaka mbele kama meza ya chai.

Usijichoshe. Kwenye mafunzo ya mazoezi.

Na unajua mikono hii ndiyo inayonitoa kitandani. Ikilegea, binti yangu itabidi aache kazi aje kuninyanyua.

Mwalimu wao akauliza, "Nani amemleta bibi hapa mbele?" Daktari wangu akanyoosha mkono, anatabasamu, anasubiri makofi.

"Basi umemwibia mazoezi yake ya leo."

Nikasema, "Msimwonee, mwalimu. Mazoezi yamefanyika vizuri sana, ila kayafanya yeye." Wakacheka. Naye akacheka, maskini, huku anaangalia viatu vyake.

Wakati wa kuondoka akanifuata kwenye kile kilima cha kwenda getini, mikono kaifunga mgongoni.

"Bibi, nisukume?"

"Mpaka nikuombe, baba."

Basi akatembea kando yangu polepole, bila kunigusa, mpaka juu. Nilihema kweli, lakini nilifika mwenyewe. Aliyelowa jasho ni yeye, kwa kujizuia.