Ndagala wa Kila Alasiri

Bujumbura, Alhamisi, Agosti 1964. Baada ya magharibi.

Upepo umevuma tangu adhuhuri na ziwa limechafuka. Siku nyingine ningefurahi, maana mawimbi yakiwa makubwa povu hunifika mpaka vifundoni. Leo kila wimbi naliona liko chini ya mama yangu.

Ngoja nianze mwanzo. Nikiandika hovyo hovyo nitajitafutia visingizio, na visingizio nimeshavitumia vya kutosha.

Nilikuja Usumbura (sasa tuseme Bujumbura, ulimi haujazoea) kukaa na dada yangu Mwamini. Mumewe alifariki mwezi wa sita, ghafla, akiwa anavaa viatu aende kazini. Dada yuko kwenye eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki nje ya ua. Mjane hapa mtaani kwao, Buyenzi, lazima awe na mtu wa kuwa miguu yake, wa kwenda sokoni, kuchota maji, kupokea wageni. Mtu huyo ni mimi. Watoto wangu wanne niliwaacha Ujiji kwa baba yao na mama.

Siku ya kwanza nilitumwa ndagala kweli, ndivyo waitavyo dagaa huku. Nilishuka mpaka ziwani, nikawakuta wanawake wakianua dagaa wao mchangani, nikanunua fungu moja. Halafu badala ya kurudi nikavua viatu. Nikatembea kuelekea upande wa Kanyosha, maji mkono wa kulia, milima ya Uvira imejificha kwenye ukungu ng'ambo. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyetaka uji.

Ziwa ni lile lile la kwetu. Lakini Ujiji ziwa ni la kufulia, kusugulia masufuria na kuogeshea watoto. Miaka thelathini na nne nimeishi kando yake, na sikumbuki hata mara moja kutembea ufukweni bila kitu kichwani. Hapa nilitembea mikono mitupu, mpaka nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kesho yake ndagala walikuwa bado wapo ndani. Nikamwambia dada nakwenda kununua ndagala.

Na keshokutwa yake. Na kila alasiri tangu hapo. Jikoni kuna vikapu viwili, majirani wamegawiwa mpaka wameanza kukataa. "Ndagala tena?" dada huuliza, kisha anakula, maana mtu wa eda hajali sana kinachowekwa mbele yake. Ndivyo nilivyojidanganya.

Tulikubaliana nyumbani kwamba nitarudi baada ya arobaini. Arobaini ikapita. Nikaandika barua Ujiji kwamba dada ana hali mbaya, hata kuinuka kitandani hawezi, siwezi kumwacha. Wakati naandika maneno hayo, dada alikuwa uani anachagua mchele na kuimba kaswida kwa sauti ya chini.

Si hivyo tu. Wiki ile ile yeye mwenyewe aliniambia, kwa Kiswahili cha huku alichokwisha kukizoea, "Mudogo yangu, we una batoto. Rudi kwako, mi nitabaki na majirani." Nikamjibu, nitakuachaje? Alilia, akanishika mikono, akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu kama mimi. Nami nikaikubali shukrani hiyo, nikaenda zangu kutembea.

Juzi nilijikuta nahesabu siku za eda zilizobaki, nikasikitika kwamba ni chache. Mume wa dada yangu yuko kaburini na mimi naomba siku ziende polepole. Nimeiandika hapa ili nisije nikasema sikuwahi kuifikiria.

Leo nilirudi viatu mkononi, kikapu kichwani, nikamkuta dada amekaa mlangoni na barua mapajani. Imeandikwa kwa mkono wa mume wangu, lakini maneno ni ya mama. Anamwambia Mwamini asikate tamaa, dua inasomwa kila Ijumaa, na kwamba yeye mwenyewe anapanda meli ya Alhamisi kuja kumuuguza.

Alhamisi ni leo. Meli imeshaondoka Kigoma.

Mama hapandi chombo cha majini. Hajawahi. Hata mazishi ya mkwewe hakuja kwa sababu ya maji, ndiyo maana nilikuja mimi. Marehemu baba alikuwa akimtania kwamba atakufa hajaona ng'ambo. Sasa, na magoti yake yale, yuko katikati ya ziwa kwenye upepo huu, kwa sababu mimi nilitaka kutembea.

Dada hakupandisha sauti. "Mi niko mugonjwa?" aliuliza. "Tangu siku gani?"

Nikamwambia yote kuhusu barua niliyoandika, ila matembezi sikuyataja. Nilidhani kusema kweli kungenipunguzia mzigo, lakini haukupungua. Aliikunja barua, akaiweka chini ya mkeka, na adhana ikalia. Baada ya kuswali akaniambia hivi:

"Meli itafika asubui. Mi siwezi kutoka. Wende umupokee mama, njia ya ziwani unaijua. Na apana leta tena ndagala."

Kwa hiyo alijua. Siku zote hizo alikula ndagala wangu akijua.

Nimeazimia nimwambie mama pale pale bandarini, kabla hajauliza hali ya mgonjwa, hata kama ataninyima mkono wake mbele za watu. Nitaanza na neno gani, sijui. Akifika salama nitalipata.

Lakini niandike na hili, maana bila hili sijasema kweli. Dada aliponiambia niende, jambo la kwanza lililonijia halikuwa mama. Niliwaza kwamba nikitoka mapema, kabla ya meli kutia nanga, nitapata nafasi ya kutembea kidogo.