Chupa Nane za Mjomba

Jumamosi, mwezi wa Saba. Ukungu tangu alfajiri, nepi za mtoto haziwezi kukauka.

Daftari langu, unisamehe. Mara ya mwisho nakuandikia, Danieli alikuwa hajaweza hata kukaa, na sasa anatembea kwa kushika ukuta. Nilikuahidi kila Jumapili baada ya ibada, nikakaa kimya miezi. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nalo, ndiyo maana nilikukwepa.

Leo nimerudi kwa sababu nimempiga binti yangu Neema bila kosa, na nimekaa na jambo hilo siku tano.

Lakini nianze na mjomba, maana yote yametoka huko.

Danieli alipozaliwa, Baba Neema alikuwa kazini Tanga, kwenye mkonge. Mjomba wake akatoka Mtae kuja kumwona mtoto. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, mzee akatembea siku mbili. Katika ukoo wao mjomba wa baba ndiye humpakata mtoto wa kwanza wa kiume, akasimama naye mlangoni na kumtamkia baraka. Mimi nilikuwa sijalala siku tatu. Mzee akaingia, koti linachuruzika maji, ananuka moshi na tumbaku, amenyoosha mikono. Nikamwambia, "Ukauke kwanza, mzee. Mtoto si gunia la viazi."

Mbele ya watu.

Akaweka kibuyu cha asali chini, taratibu kabisa. Akamgeukia mama mkwe wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja. "Haya, dada. Mmenipokea." Akaondoka bila kula. Tangu siku ile hata salamu hatumi. Sasa miguu yake imekwisha, hawezi kuja tena, na mama mkwe hana ndugu mwingine aliyebaki.

Mama mkwe hakunisema. Kama angenisema ningejitetea, nikapata nafuu. Mwezi uliopita tu, tukipalilia shamba la ujamaa, aliinua mgongo akasema kama anayesemesha jembe, "Radhi ya mkubwa haiombwi mikono mitupu. Na aliyekosa ndiye hutwanga miwa."

Basi mimi niliyekuzwa kwenye kwaya, niliyekatazwa hata kupita karibu na kilabu cha pombe, nikashika mchi. Nilitwanga miwa mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikakamua maji yake mtungini, nikatia tunda la mvungunya la kuchachusha. Boha, pombe yetu ya miwa, haikai siku nyingi. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa siki. Na lori la Mtae huenda likipenda. Hapo nikamkumbuka marehemu mama yangu. Alikuwa akifua nguo kwa bibi mmoja wa Kizungu mwenye shamba la kahawa, akajifunza kwake kuweka pombe kwenye chupa. Unaacha povu litulie kabisa. Unachuja, unatia kijiko cha sukari kila chupa, unaziba, unafunga kizibo kwa uzi wa katani, unaficha penye giza na baridi wiki tatu. Ikikomaa hivyo, inafika Mtae nzima.

Jirani yangu Mama Hosea alizikuta chupa nane chini ya kitanda, zimefunikwa gunia. "Mama Neema, hii ni pombe au mwali? Umemfungia ndani hivi, mahari umeshataja?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki tatu! Mimi sijui kungoja. Chai naiepua haijachemka. Hata povu sikulingoja. Mama mkwe alitega sikio kwenye mtungi akasema, "Bado anaongea huyu. Mpe siku mbili." Nikaitikia ndiyo, Mama. Alipokwenda kisimani nikajaza chupa. Nilijiambia lori lisije likatuacha. Uongo. Nilitaka tu jambo la mjomba liishe, lisinitazame tena.

Jumatatu nilikuwa jikoni, nikasikia mlio kama bunduki. Nikakimbia chumbani. Vipande vya chupa vimetapakaa, na Neema amesimama katikati, mdomo wazi.

Sikumwuliza kama ameumia. Nilimpiga. Makofi mawili, ya nguvu.

"Mama, chupa imepiga yenyewe!"

"Chupa haina mikono!" nikamjibu, nikampiga la tatu.

Nikamwambia mama mkwe kwamba mjukuu wake kavunja. Jumanne dereva wa lori la kabichi alipokuwa akishuka Tanga, nikamtuma kwa Baba Neema: atafute chupa nyingine, binti yake amevunja. Daftari, hapo nilikuwa nimekwisha kufagia. Nilikuwa nimekwisha kuona kipande cha kioo kimechoma boriti, juu kuliko kichwa changu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuvunja chupa ikapanda darini. Nilijua. Nikakichomoa, nikakitupa chooni.

Jumatano chupa ya pili ikalia. Chumbani hakuna mtu. Mimi naanua nguo, mama mkwe yuko uani anapukuchua mahindi, Neema yuko katikati ya magoti yake. Neema ndiye aliyesema, pole pole, "Bibi, chupa imeota mikono."

Mama mkwe hakucheka. Alinitazama mara moja, akarudi kwenye gunzi lake.

Alhamisi sikusema. Ijumaa sikusema. Neema akawa hapiti tena karibu na kitanda changu. Usiku wakati wa kulala akawa anakwenda mwenyewe kwa bibi yake, na mimi nikawa najisemesha kwamba ni kwa ajili ya baridi.

Leo asubuhi nikampelekea mama mkwe uji. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote: mtungi, siku mbili, kioo cha darini. Akanywa uji wake, akanipa bakuli.

"Nilikiona kile kioo Jumatatu ile ile," akasema. "Nikarudi jioni nikakuta hakipo."

"Mama, mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungejibu. Wewe kujibu huchelewi." Kisha akasema, "Sasa mwite mwenyewe. Si mimi niliyepigwa."

Neema alikuja akasimama mbali, kidole mdomoni. Nikamwambia mama amekosa, chupa ilipasuka kwa sababu ya mama, na mama alijua. Akatoa kidole. Akauliza, "Na baba anajua?"

Nilikuwa sijamfikiria baba. Yeye, siku zote hizi, hilo ndilo lilikuwa likimkaa rohoni. Alisikia nikimtuma dereva. Akakubali kusimama karibu, lakini mkono hakunipa. Sikumlazimisha. Nimemlazimisha mengi wiki hii.

Baadaye mama mkwe akatia gunia maji, tukazifunika chupa sita zilizobaki tukalegeza vizibo kimoja kimoja. Povu likaruka mpaka mlangoni, na moja ikapasukia ndani ya gunia. Akaonja. "Tamu. Lakini haina akili bado." Mama Hosea alikuwa amekwisha kufika, eti ameona wingu zuri, wakainywa wawili ili isipotee. "Mwali katoroka na wapiga ngoma!" akaimba Mama Hosea, na mama mkwe akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mimi sikuonja. Sikustahili hata kunusa.

Keshokutwa natwanga upya. Safari hii sitafunga chupa mpaka mama mkwe mwenyewe atege sikio na kusema mtungi umenyamaza. Halafu wiki tatu. Halafu Mtae, nikiwa nimempakata Danieli mwenyewe, nimpe mzee mikononi hata kama koti lake linachuruzika. Kama atanikataa, nitakaa mlangoni kwake. Sijui kama nitaweza kukaa. Sijawahi kujaribu.

Dereva anashuka tena kesho mchana. Nitaichana karatasi hii ya mwisho nimpe, iwe barua. Baba Neema, shikamoo. Tuko wazima. Niliyokutumia Jumanne hayakuwa kweli. Chupa nilizivunja mimi kwa haraka zangu, na Neema nilimsingizia. Mama atakueleza ukija. Ninavyohitaji bado ni hivi, umpe dereva huyu huyu:

Chupa tatu za kioo kinene, zisizo na ufa shingoni.

Vizibo vinane, vipya.

Uzi wa katani, mzigo mdogo tu, nyie huko mnaukanyaga.

Sukari vijiko vinane. Najua ni shida, ukikosa niambie mapema.

Tumbaku ya mjomba, ile anayoipenda, unaijua wewe.

Na karatasi yenye jina la Neema juu, uandike kwa mkono wako herufi kubwa, nimsomee: kwamba baba yake amesikia, na kwamba hakuvunja kitu.