Magoti na Ada ya Huduma

Jumatatu, 3 Februari

Binti yangu Neema amekataa uji tena. Nimempa chai na mkate. Mkate akala, chai akammwagia paka wa Mama Furaha. Sina nguvu ya kugombana asubuhi. Nimemwacha kwa huyo huyo Mama Furaha, jirani yetu Mkongo anayemlea nikiwa kazini, nikapanda boda kutoka Makindye mpaka Nakasero. Sasa ni mapumziko. Nimekaa nyuma ya jiko juu ya kreti la soda, naandika.

Tangu Jumamosi bili za hoteli yetu zina mstari mpya chini. Ada ya huduma, asilimia kumi. Mteja apende asipende, inajumlishwa. Meneja wetu, Madam Prossy, alituita wahudumu wote akasema pesa hiyo ni yetu, tutagawana mwisho wa mwezi. Mteja akiuliza, jibu ni moja: inatufikia. Tukarudia kwa sauti kama watoto wa chekechea.

Leo hakuna aliyeacha bakshishi kwenye meza zangu. Wanaona mstari, wanafunga pochi. Siwalaumu. Lakini bakshishi ndiyo inayomlipa Mama Furaha. Mshahara unaishia kwenye kodi ya nyumba.

Jumamosi, 8 Februari

Ssalongo amekuja. Ni mzee mstaafu, anaitwa hivyo kwa sababu amezaa mapacha. Kila Jumamosi mchana, samaki mzima na matoke, meza ya dirishani. Huwa ananiuliza habari za mtoto na kuniachia chochote chini ya sahani. Leo alikuwa ameshatoa noti. Akauona ule mstari.

"Mwanangu, hii inawafikia nyinyi?"

Madam Prossy alikuwa kaunta, karibu tu. Nikasema ndiyo, Ssalongo, inatufikia.

Akafurahi. Kweli alifurahi. Akasema ni jambo jema, sasa hatutegemei huruma ya watu. Noti akairudisha mfukoni.

Nimejinyima kwa mdomo wangu mwenyewe. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 12 Februari

Nakato, mhudumu mwenzangu, anapata bakshishi. Meza zake wanaacha, zangu hawaachi, na bili ni zile zile. Nimemchunguza siku nzima. Akipeleka bili anapiga magoti kando ya mteja, kama wanawake wa Kiganda hapa wanavyosalimu wakubwa. Anainamisha kichwa, ananong'ona kitu, anainuka. Mteja anatia mkono mfukoni.

Mimi sipigi magoti. Kwetu Kakamega magoti ni ya kanisani. Hapa ni heshima, najua, nimekaa miaka, sidharau. Lakini kupigia magoti sahani ya mtu ili akuongezee, huko ni kuomba. Nilimwambia hivyo mbele ya wapishi.

"Wewe Mukenya," akasema, "magoti yako ilisoma yunivasiti."

Wapishi wakacheka mpaka mmoja akaunguza vitunguu. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 28 Februari

Mshahara umeingia. Ule ule. Ada haimo.

Nilimwuliza Madam Prossy kwa adabu. Akasema imekatwa kulipia glasi zilizovunjika, sare zetu na gesi. Gesi! Kama vile sisi ndio tunaojipikia. Kilichobaki bosi ataamua. Nikauliza lini. Akaniuliza kama kazi imenichosha, maana wasichana wanaoitaka wako wengi.

Nikachukua trei nikatoka. Baba Neema yuko Juba, anaendesha lori la mtu, simu yake haipatikani. Nikiikosa kazi hii, Neema atakula nini?

Mama Furaha nimemlipa nusu. Akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 2 Machi

Neema ametimiza miaka mitatu. Rose, binti wa mjomba, anayeuza simu Ntinda, ametupeleka kula kuku na chipsi huko huko. Neema alikula sosi ya tomato yote, kuku akamtia Rose mdomoni kwa nguvu. Nilikaa kama mteja. Nilihudumiwa. Miguu yangu haikujua ifanye nini.

Bili ikaja. Mstari ule ule chini.

Rose akalipa kamili. Nikamwambia amwongezee yule msichana kidogo. Akakataa. Huduma ameshalipa, ailipe mara ngapi? Tena, akasema, sisi wateja tukiendelea kuziba pengo, mwenye hoteli hatawalipa wahudumu maisha yake yote. Kwa nini awalipe, na wajinga tupo?

Ana haki. Hapo ndipo panaponiuma. Ana haki kabisa, na msichana bado atarudi kwao kwa miguu.

Nikamwuliza yule msichana kama ada inawafikia. Akatazama kaunta kwanza.

"Ndiyo, madam, inatufikia."

Sauti ile. Tabasamu lile. Nilijisikia nimevuliwa nguo. Wakati wa kuagana nikamshika mkono, nikamwachia humo nauli yangu ya boda. Ikabidi Rose atulipie ya kurudi Makindye. Akasema nimekuwa tajiri kwa pesa yake.

Nimekuwa nikifikiri Ssalongo alininyima. Hakuninyima. Aliuliza vizuri, nikamdanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimsimulia Nakato habari ya msichana wa Ntinda tukifuta vijiko. Akaweka kijiko chini.

"Wewe unafikiri mimi naomba? Mimi naambia mteja, ssebo, hii pesa haifiki kwetu. Nikiwa chini, Madam anaona mgongo tu. Mdomo haoni."

Kumbe.

Mwezi mzima nimemwona mwombaji, naye ndiye aliyekuwa akisema kweli. Mimi nimesimama wima, nadanganya. Nimemwomba radhi. Akasema radhi hailiwi, nimletee chapati za Kikenya.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimefanya mazoezi na trei ya plastiki. Kushuka si kazi. Kuinuka bila kumwaga ndiyo kazi. Neema akadhani ni mchezo. Akashuka naye, akaanguka, akacheka mpaka kwikwi. Kesho Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Hoteli imejaa. Madam Prossy alisimama mlangoni akigawa waridi kwa wateja wanawake. Sisi hatukupewa hata jani.

Ssalongo alikuja na binti zake wote wawili. Walikula, wakacheka, wakaomba bili. Nilitamani Nakato anichukulie meza. Sikumwomba.

Magoti yakagoma. Kisha yakakubali. Ukiwa chini pale unaona vitu vingine: kiatu cha mzee kilichoshonwa, makombo chini ya meza. Akashangaa. Akaniambia leo nimekuwa Muganda.

"Ssalongo, niliyokuambia si kweli. Hii ada haijatufikia hata siku moja."

Binti mmoja akageuka kutazama kaunta, dada yake akamgusa asitazame.

"Asante," mzee akasema. "Inuka, mwanangu."

Nilidhani ataweka noti chini ya sahani, mambo yaishe. Hakuweka. Akamwita Madam Prossy. Akamwomba, bila kupaza sauti, autoe ule mstari kwenye bili yake, kwamba huduma atamlipa yeye mwenyewe yule aliyemhudumia. Mwenye kupaza sauti ungemjibu. Yeye utamjibu nini? Meza ya jirani wakasikia. Mwanamke mmoja akaweka waridi lake mezani, akasema na yangu pia mtoe.

Madam akatoa. Uso wake ukawa kama sufuria iliyosahaulika motoni. Ssalongo akanipa pesa yangu mkononi, watu wote wakiona. Nilitamani sakafu inimeze.

Jikoni Madam akanifuata. Nimemwambia nini yule mzee?

Nikasema nimemsalimia.

"Wewe husalimii watu kwa magoti."

Nikasema nimejifunza. Nakato akaangusha trei nzima ya vijiko, na mimi najua Nakato haangushi vitu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijafukuzwa. Nimehamishiwa kwenye kuosha vyombo, mpaka tabia yangu ikae sawa. Ndivyo alivyosema. Huku nyuma hakuna mteja, kwa hiyo hakuna bakshishi. Mikono imekunjamana kama ya bibi.

Ada bado iko kwenye bili. Ila sasa mteja akiikataa inatolewa, haraka, kabla meza ya pili haijasikia. Nakato ndiye aliyenieleza kupitia dirisha la kupitishia sahani.

Nilitaka kuandika kwamba sijutii. Najuta kidogo. Mama Furaha bado ananidai, na yeye ana watoto wake. Lakini nikirudishwa mbele kesho, na mtu akaniuliza, nitasema vile vile. Nimewaza barabara nzima nikitembea. Vile vile.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Vyombo vichache.

Mchana Nakato aliingia, akaweka leso ya karatasi iliyofungwa juu ya sabuni yangu. Ndani kuna pesa. Wahudumu wa mbele wamekubaliana: bakshishi za siku wanaziweka pamoja, wanagawana, na wa kuosha vyombo yumo. Wa kuosha vyombo hajawahi kuwemo.

"Hii ndiyo sevisi chaji," akasema, akatoka.

Nimemlipa Mama Furaha. Yote ya nyuma sikuweza, ila ya leo imekamilika. Akanipa sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, kwenye bakuli, nikapokea kwa mikono miwili.

Tulipoingia ndani Neema akaniambia nikae. Nikakaa. Akachota maji kwenye ndoo kwa kikombe chake chekundu, akaja polepole, ulimi nje, akapiga magoti mbele yangu. Hakuanguka mara hii.

Nilitaka kumwambia ainuke. Sikumwambia. Nikashuka kitini, nikapiga magoti na mimi, tukatazamana sawasawa. Akanipa kikombe. Maji yalikuwa yamemwagika nusu. Nikanywa yaliyobaki.