Kumbukumbu za Kikao cha Kamati ya Ustawi wa Wanyama kuhusu Panya Sita wa Chumba cha Tatu

TAREHE: Alhamisi, 14 Machi 2019
MAHALI: Chumba cha mikutano, maabara ya kinga ya mwili, Gaborone

WALIOHUDHURIA
Mma (Bi.) Segametsi Lekoko – Mwenyekiti
Dkt. Kabo Mosweu – Mtafiti
Mma Gaone Tshukudu – Mtunza panya
Rra (Bw.) Pako Ntsima – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Daktari wa mifugo – kwa udhuru

KUMB. NA. 1/3/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, akawaomba wajumbe wawili, bila kuwataja, maneno makali waliyoambiana koridoni Jumatatu wayaache hukohuko.

KUMB. NA. 2/3/2019: TAARIFA YA MTAFITI
Dkt. Mosweu alieleza kwamba virusi vinavyoangusha kinga ya panya vimesinyaza thaimasi, tezi ya kifuani ambamo askari wa mwili hukomaa, ikabaki theluthi. Kwa panya waliopewa dawa, tezi imeanza kujaa tena. Aliomba wiki mbili zaidi, ili panya sita wasiopewa dawa walinganishwe nao.

KUMB. NA. 3/3/2019: PINGAMIZI
Mma Tshukudu alipinga. Alieleza kwamba sita hao wameacha kutengeneza viota na hawali mpaka awalowekee chakula. Dkt. Mosweu alisema mtunza panya amezidisha mapenzi. Mwenyekiti aliagiza jibu la Mma Tshukudu liandikwe kama lilivyotamkwa:

"Ndiyo, nawapenda, Rra. Mdogo wangu Boitumelo alikufa kwa UKIMWI mwaka tisini na nane, dawa hazijafika. Alikuwa hivihivi, kajikunja, hata blanketi hataki. Wewe unaona namba. Mimi naona mgongo ule."

Dkt. Mosweu aliuliza: "Miaka yote hii, Mma, mbona hujaniambia?"

Alijibiwa: "Ulikuwa unaniuliza uzito wa panya tu."

KUMB. NA. 4/3/2019: UAMUZI
Dkt. Mosweu aliondoa ombi lake. Alisema vipimo vichukuliwe leo. Matokeo yatapungua nguvu, naye ataandika wazi sababu. Iliamuliwa panya sita wapumzishwe milele leo, bila maumivu. Mma Tshukudu aliomba awashike yeye, ikakubaliwa. Dkt. Mosweu aliomba kusaidia.

"Njoo," alisema Mma Tshukudu. "Ila pasha mikono kwanza. Hawapendi baridi."

KUMB. NA. 5/3/2019: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:25. Wajumbe wote walikwenda chumba cha tatu. Kazi ilikwisha saa 7:40 mchana. Panya wa mwisho alilala kiganjani mwa Dkt. Mosweu, ambaye hakutaka kumweka chini mara moja, na hakuna aliyemharakisha.

........................ S. Lekoko, Mwenyekiti
........................ P. Ntsima, Katibu